Samaki wa Mwalimu Walikufa Siku ya Maji Mapya

Simu ya Mwalimu ilinifikia Jumapili jioni nikiwa nasonga ugali. "Kijana wangu, wamekufa tena. Kumi na wanane leo." Nikamwuliza ni lini alibadilisha maji. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema kwa upole ule wa walimu wa zamani, "Asubuhi. Nusu tangi. Kama ulivyoniagiza."

Nilizima jiko. Wiki mbili nyuma ni mimi niliyemwagiza aongeze maji mapya, bila kupima chochote na bila hata kwenda kulitazama tangi. Kwa hiyo kisa hiki kina mkono wangu ndani yake. Nitakieleza chote, maana nimeshaona matangi mengine hapa Kisumu yakielekea kulekule.

Mwalimu alifundisha Nakuru kwa muda mrefu, akastaafu, akarudi nyumbani, sasa anakaa mtaa wa Migosi hapa Kisumu na mkewe na mjukuu wao wa darasa la saba. Nakuru alifuga gapi na moli, samaki wadogo wa mapambo, miaka tisa katika tangi moja la kioo, kwa maji ya kisima kirefu, yale yenye floridi nyingi yanayowaachia watoto wa huko meno ya kahawia. Utaratibu wake ulikuwa mmoja tu: mwisho wa mwezi anatoa nusu ya maji, anatia mapya. Samaki walizaa, akagawia majirani, wakazaa tena. Kilichomsumbua Nakuru ni baridi ya usiku, maana mji ule uko juu kuliko Kisumu kwa takribani mita 700, na hita ya kupasha maji ilimaliza shida hiyo.

Alipohamia huku aliiacha hita sandukuni. Fundi wa vioo akamtengenezea tangi la sentimita 90 kwa 30 kwa 40, ambalo ukitoa changarawe na nafasi ya juu linabeba lita 90 hivi. Akatia filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, moli weusi watano na gapi kumi na wawili. Hiyo ilikuwa Novemba. Maji yalikaa kwenye nyuzi 26 au 27 bila msaada wowote. Mambo yakaenda vizuri, samaki wakazaana, akaendelea na utaratibu wake wa Nakuru.

Kuanzia Machi mabomba ya mtaa wao yakawa yanakauka siku tatu au nne kwa wiki, na masika yalikuwa yameanza. Mwalimu ana tangi la plastiki la lita 2,000 linalopokea maji kutoka kwenye bati. Akawa anawapa samaki maji ya mvua. Akasema yalikuwa mazuri, meupe, hayana harufu ya dawa. Mwezi wa Juni moli wakaanza kitu ambacho wafugaji wanakijua: samaki anasimama mahali pamoja na kutikisika mwili mzima, kama mtu anayetetemeka kwa homa, lakini haendi mbele. Gapi hawakuonyesha lolote. Mwalimu akadhani ni baridi, akatoa hita sandukuni, haikusaidia, akairudisha.

Mwanzoni mwa Julai maji ya bomba yakarudi kwa uhakika. Akafurahi, akajaza mapipa mawili, akayaacha wazi siku mbili ili klorini itoke, kisha akabadilisha nusu ya tangi. Kufika jioni gapi kumi na mmoja walikuwa wamekufa. Ndipo aliponipigia mara ya kwanza, nami nikampa jibu ambalo wafugaji tunalitoa tukiwa na haraka: maji yamechafuka, badilisha zaidi, usingoje mwezi, fanya kila wiki mbili. Akafanya. Wakafa kumi na wanane.

Safari hii nilimwambia asiguse kitu mpaka nifike. Kazi ilinishika Busia, nikafika siku ya kumi.

Jambo la kwanza alilonieleza mlangoni ndilo lililopaswa kunifumbua macho, lakini wakati ule lilinipita. Alisema wale waliosalia Jumapili ile walikuwa wakitweta juu ya maji, mashavu yao ya kupumulia yamewiva mekundu, ila kufikia Jumatano walikuwa wanakula kama kawaida. Hakuwapa dawa. Hakubadilisha maji. Walipona wenyewe.

Mjukuu akaongeza lake: "Anko, na wale majike walizaa siku hiyohiyo, lakini watoto walikuwa na kitu cha njano tumboni." Hicho cha njano ni kiini cha yai. Kifaranga wa gapi au moli hukua ndani ya mama kwa wiki nne hivi akila kiini chake, na anapozaliwa salama kiini huwa kimekwisha, anaogelea papo hapo. Akitoka nacho amezaliwa kabla ya wakati, na mara nyingi hilo huwa ni dalili ya mama aliyepigwa na mshtuko. Basi tulijua kwamba lililotokea lilitokea ghafla, siku ile, wala si ugonjwa uliokuwa ukinyemelea.

Washukiwa walikuwa wengi. Klorini niliiondoa mapema kwa sababu ya zile siku mbili kwenye mapipa. Mke wa Mwalimu alishuku dawa ya mbu, na Kisumu hilo si la kupuuzwa, kwa kuwa hapa dawa hupulizwa karibu kila jioni, na samaki huumia vibaya ikidondokea kwenye maji au ikinyonywa na pampu ya hewa. Lakini sebule ya Mwalimu hupulizwa mara mbili tu kwa wiki, na vifo vilikuja siku mbili tu katika mwezi mzima. Mimi nilishuku bati. Maji ya mvua yanayopita kwenye bati jipya hubeba zinki, na zinki ni sumu kwa samaki. Ila samaki hawa waliyanywa maji ya bati miezi minne bila kufa, wakaja kufa walipopewa ya bomba. Jirani mmoja, mama mwema, alikuwa amependekeza watie magadi kidogo, yale ya kulainishia mrenda, "yakate uchungu wa maji." Mwalimu alisita. Nikija kueleza kilichokuwa kinaendelea mtaona jinsi kusita huko kulivyowaokoa wote waliobaki.

Nilikuwa nimeazima vichupa vya matone vya kupimia maji kutoka kwa rafiki anayefuga ngege (tilapia) kwenye mabwawa upande wa Kibos. Nikapima pH ya tangi, yaani uchachu wa maji: namba ikiwa chini ya 7 maji yana asidi. Rangi ikaja njano, ile ya chini kabisa kwenye kadi: 6.0, na huenda ilikuwa chini zaidi kwa kuwa kadi inaishia hapo. Maji ya bomba kwenye pipa yalisoma kati ya 7.5 na 8. Nikapima amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki wenyewe. Ikaja kijani kilichokolea hadi mwisho wa kadi, 8. Kadi ikiisha namna hiyo haikuambii ukweli wote, basi nikachukua kikombe kimoja cha maji ya tangi, nikachanganya na vikombe vitatu vya maji ya mvua, nikapima tena. Ikasoma 4. Zidisha kwa nne: tangi lilikuwa na amonia ya miligramu 16 hivi kwa lita.

Kwa hesabu ya kawaida samaki wale walipaswa kuwa wamekufa wote. Badala yake walikuwa wananifuata kidole kioo kizima wakiomba chakula.

Hapo nikaomba ndoo tatu na siku moja zaidi. Ya kwanza nilitia maji ya tangi matupu. Ya pili nilianza na maji ya mvua, kisha nikaongeza ya bomba tone kwa tone kwa mpira wa dripu nilioununua duka la dawa, mpaka yakawa nusu kwa nusu. Ya tatu nilianza na maji ya tangi, nikaongeza ya bomba vilevile, kwa mwendo uleule, nusu kwa nusu. Kila ndoo gapi madume watatu. Sikufurahia kuwatumia, lakini bila hivyo tungeendelea kubahatisha juu ya mia nzima.

Mchana ndoo ya pili na ya tatu zilisoma pH ileile, 7.5. Saa kumi jioni ndoo ya kwanza walikuwa wazima. Ya pili wazima, wanakimbizana. Ya tatu wote watatu walikuwa juu wanatweta, mashavu mekundu, na mmoja alikufa kabla sijamfikia. Wawili niliwahamishia kwenye maji ya mvua, wakapona.

Maji ya zamani hayakuua. Maji mapya hayakuua. Yalipokutana yakaua, na wala si kwa sababu pH ilibadilika haraka, maana ndoo ya pili nayo ilipanda polepole vilevile na hakufa mtu.

Amonia ndani ya maji ina sura mbili. Moja ni amonia yenyewe, gesi iliyoyeyuka, inayopenya kwenye mashavu ya samaki na kumuunguza. Ya pili ni amoniamu, ambayo imebeba chaji ya umeme na hupenya kwa shida, kwa hiyo madhara yake ni madogo sana. Kinachoamua ni ngapi ziko sura ipi ni pH zaidi ya kitu kingine chochote: kila pH ikipanda kwa moja, sehemu ile ya sumu huongezeka karibu mara kumi. Kwenye nyuzi 27 na pH 6, ni chini ya moja katika elfu moja ya amonia yote iliyo katika sura mbaya. Kwenye pH 7.5 inakuwa kama mbili katika mia.

Sasa piga hesabu ya tangi la Mwalimu. Kabla ya kubadilisha maji: miligramu 16 kwa lita, lakini sumu halisi ni kama 0.01. Baada ya kubadilisha nusu: jumla imeshuka hadi 8, na pH imepanda hadi 7.5, kwa hiyo sumu halisi ni kama 0.16. Ametoa nusu ya uchafu, na sumu imeongezeka mara kumi na tano. Siku tatu baadaye maji yakachacha tena, amonia ikarudi kulala, na ndiyo maana waliosalia walianza kula Jumatano. Magadi ya yule mama yangepandisha pH juu zaidi ya maji ya bomba, tena kwa dakika chache.

Kwa nini maji yalichacha? Hapa ndipo Nakuru inapoingia. Bakteria walio kwenye sponji hula amonia na kuigeuza naitraiti, kisha naitreti, na katika kazi hiyo wanatengeneza asidi. Maji yenye bikaboneti ya kutosha huimeza asidi hiyo na pH haisogei. Ni akiba, kama ile ya chama: kwa kila miligramu moja ya naitrojeni ya amonia inayoliwa, takribani miligramu saba za akiba hutolewa. Visima vya Nakuru vinapita kwenye miamba ya volkeno na maji yake yamejaa bikaboneti. Mwalimu alikuwa na akiba ambayo miaka tisa hakuimaliza, na wala hakujua kuwa anayo. Maji ya bomba la hapa, ya Ziwa Victoria, ni laini, yaani yana madini machache, akiba yake ni ndogo. Maji ya mvua hayana kabisa. Miezi minne ya mvua ikafuta kilichokuwepo, pH ikaanguka, na ikifika karibu na 6 bakteria wale karibu husimama kazi. Kuanzia hapo amonia ilirundikana bila mlaji, ikilindwa isiwadhuru samaki na uchachu uleule uliowasimamisha bakteria.

Moli walitangulia kutuambia. Asili yao ni Meksiko na Amerika ya Kati, na wengi wao huishi karibu na pwani kwenye maji yenye madini mengi, hata ya chumvi. Gapi, aliyetoka kwenye vijito vya Trinidad na Venezuela, anavumilia zaidi. Kule kutikisika kwa Juni kulikuwa kilio cha samaki aliye kwenye maji yasiyo na madini. Mwaka huu nikimwona moli akitikisika mahali, naomba kipimo cha pH kabla ya chai.

Lakini hata akiba ndogo ya ziwa ingemtosha Mwalimu kama angekuwa na samaki kumi na saba. Tulipowahesabu, mmoja mmoja kwa wavu, mjukuu akiandika vijistari kwenye daftari, tulipata 131. Na hao ni waliobaki.

Mwalimu aliapa kuwa hakuwafuga hao wote. Nilimwamini. Hivi ndivyo walivyo samaki wanaozaa badala ya kutaga mayai. Jike la gapi huzaa kila baada ya wiki nne hivi, vifaranga ishirini, arobaini, wakati mwingine zaidi, na dume akishampanda mara moja tu jike huweza kuhifadhi mbegu mwilini kwa miezi, akazaa tena na tena bila dume kuwa karibu. Mwezi wa Aprili Mwalimu alikuwa amewatenga madume wakubwa kwenye beseni akidhani amefunga mlango. Wakubwa walitengwa, vifaranga madume walibaki mle ndani, na dume la gapi hubalehe akiwa na miezi miwili au chini ya hapo. Tangi likiwa na majani mengi kama la kwake, vifaranga hupata pa kujificha wasiliwe na mama zao. Mwalimu alinunua majani hayo kwa huruma. Huruma hiyo nayo ni sehemu ya kisa.

Tiba ilihitaji mpangilio, na mpangilio wenyewe ulimchekesha Mwalimu: dawa ya kwanza ilikuwa maji ya mvua, yaleyale yaliyoleta balaa. Ilibidi tuitoe amonia kwanza huku maji yakiwa bado na uchachu, ndipo tuyapandishe. Kwa siku nane alitoa lita 20 kila siku na kurudisha lita 20 za mvua. Chakula kidogo, siku moja apewe siku moja aruke. Tulipunguza samaki hadi arobaini. Moli tuliwahamisha siku ya kwanza kwenye beseni la lita 40, maji ya mvua yakidondokewa na ya bomba usiku kucha. Mle hamkuwa na amonia, kwa hiyo hakukuwa na hatari ya kupandisha. Kutikisika kuliisha siku ya nne.

Siku ya tisa amonia ilisoma kati ya 2 na 4. Ndipo tukaanza maji ya bomba, lita 5 tu kwa siku, na kutumbukiza soksi ya nailoni yenye viganja viwili vya chokaa ya kuku karibu na filta. Hiyo ni ile changarawe ya mawe ya chokaa wanayouza maduka ya dawa za mifugo kwa ajili ya maganda ya mayai. Mawe ya chokaa yenyewe huchimbwa Koru, kaunti hiihii. Uzuri wake ni kwamba huyeyuka zaidi maji yakiwa na asidi na hupunguza mwendo yanapotulia. Msichanganye na chokaa ya kupaka ukuta! Hiyo ni kali, ingewaua kabla ya chakula cha mchana. Wiki ya tatu pH ilisimama kwenye 7.4, na amonia ikasoma sifuri. Bakteria walikuwa wameamka.

Wale tisini waliozidi walituletea mjadala. Mjukuu alisema wamwagwe kwenye mtaro ulio nyuma ya nyumba, "watakula mbu, Anko." Wazo la kula mbu si la kitoto, gapi wamesambazwa duniani kwa sababu hiyohiyo, na mahali pengi wamegeuka wavamizi waliosukuma samaki wa kienyeji. Mitaro ya Kisumu inaishia ziwani. Mwalimu ndiye aliyemjibu, akamweleza habari ya mbuta, yule samaki mkubwa mla samaki wenzake: alivyotiwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, na jinsi aina nyingi za fulu, samaki wadogo wa ziwa, ambazo yeye mwenyewe alizila utotoni zilivyotoweka. Hapakuwa na kura tena. Sitini tuliwapeleka kwa muuza samaki wa mapambo mjini, akatupa mkebe wa chakula. Waliobaki wako kwenye maabara ya shule ya sekondari ya jirani, na nimewaachia chokaa.

Mwalimu sasa anabadilisha lita 15 kila wiki, mvua au bomba, huku soksi ikiwa mahali pake, na mjukuu anaandika pH kwenye kalenda ya jikoni kila Jumamosi. Safari hii madume wote, wakubwa kwa wadogo, waliondolewa ndani ya tangi tukitumia miwani ya kusomea ya mkewe kutofautisha mapezi ya chini. Tangu hapo jike mmoja wa gapi, yule mwenye mkia wa buluu, ameshazaa mara tatu. Juzi Mwalimu alinipigia tena, nikashtuka, kumbe alitaka kuuliza mbegu za yule mama zitaisha lini.